Paa Lililokwepa Jalala

Mlinzi alikuwa na kidole kimoja tu cha kumtetea, na siku zote kilielekea juu.

"Tazameni juu," aliwaambia askari waliomkamata. Wakatazama, wakaona tundu kwenye paa la ghala, wakaandika kwamba wezi walipiga risasi kutoka juu ya paa, kama Tajiri wa Matairi alivyowaambia. "Tazama juu, mheshimiwa," alimwambia hakimu, na hakimu akatazama, akaona feni ya mahakama. Asubuhi hii, nyuma ya nondo za mahabusu, kidole kilinyooka tena, na Inspekta akawa mtu wa kwanza kumuuliza kitu cha maana.

"Juu kuna nini?"

"Kuna tundu. Tajiri alilitoboa mwenyewe kwa bastola yake, amesimama chini, karibu nami kama ulivyo wewe. Hakuna mwizi aliyekuja, mkuu. Matairi aliyapakia yeye na shemeji zake siku ya mapumziko, halafu akafyatua moja ionekane tumevamiwa. Bima imlipe."

"Na ngazi iliyokutwa ukutani?"

"Ufunguo wa ngazi nilikuwa nao mimi, sikatai. Ndiyo maana akaichagua ngazi. Aliniambia niseme tumevamiwa, nikagoma, basi nikageuka mimi ndiye niliyewapa wezi ngazi."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni. Alisimama kabla mlinzi hajamaliza kumeza mate. Mahakama ilikuwa inafunga ushahidi mchana huo huo, baada ya chakula. Ukifungwa, mlinzi anakwenda jela kwa neno la tajiri, na mkewe, ambaye tayari alikuwa amekaa kwenye benchi la mahakama na nguo safi za mumewe mapajani, atazirudisha nyumbani zilivyo.

"Koplo," aliita, "washa gari. Tunakwenda kutazama juu."

Walitazama juu, na juu palikuwa panang'aa. Ghala la matairi lilikuwa na paa jipya, jeupe, bado lina harufu ya dukani. Tajiri wa Matairi aliwapokea kwa tabasamu pana la mtu asiyedaiwa.

"La zamani lilikuwa linavuja, Inspekta."

"Kwa tundu moja?"

"Mabati unayajua. Likianza moja, yote yanaona wivu."

Inspekta alicheka, kwa sababu ulikuwa mzaha mzuri na yeye hakuwa mchoyo wa kicheko. Huku akicheka alipiga magoti katikati ya ghala, akapitisha kiganja juu ya sakafu ya saruji. Laini. Hapakuwa na mchubuko wala kiraka.

"Na ile risasi iliyotoka juu, iliangukia wapi?"

"Ilipotelea kwenye matairi. Matairi yenyewe nayo yakaibwa."

"Kwa hiyo waliiba na risasi yao. Watu wasafi. Na mabati ya zamani?"

"Jalalani," Tajiri alisema haraka. "Niliagiza yafukiwe kabisa, tingatinga lipite juu. Sipendi takataka zizagae. Mimi ni mtu wa mazingira."

Garini, Koplo alisubiri mpaka walipotoka getini. "Mkuu, mtu wa mazingira moshi wa matairi anayochoma unaonekana mpaka ng'ambo ya mto."

"Swali si moshi. Swali ni hili: mtu anatupa mabati chakavu, kwa nini aagize tinga lipite juu? Mimi nikitupa takataka sisimamii mazishi."

Kwenye faili kulikuwa na picha moja, iliyopigwa kutoka ghorofa ya jirani kabla paa halijaondolewa. Ilionyesha mabati ya kijani yenye migongo myembamba, na juu yake limechorwa tairi kubwa jeupe, duara zima kutoka ukingo mmoja wa paa hadi mwingine, tangazo la biashara kwa wapangaji wa juu. Inspekta aliiweka picha hiyo kwenye dashibodi kama watu wanavyoweka picha ya mchumba.

Jalalani, dereva wa tinga aliposikia "kijani" alinyoosha mkono bila kushuka. Na kweli, chini ya magodoro yaliyopasuka, kona ya kijani ilichungulia. Moyo wa Inspekta uliruka kichura. Waliingia mpaka vifundoni, wakavuta, wakasukuma, Koplo akiguna kama anazaa, mpaka bati zima likatoka. Kijani, ndiyo. Lakini migongo yake ilikuwa mipana kama matuta ya viazi.

"Silo," alisema Inspekta.

"Mkuu, nimepoteza kiatu kwa ajili ya bati hili."

"Lirudishe, uchukue kiatu." Akamgeukia dereva wa tinga. "Hakuna mengine? Lori zima, yenye rangi nyeupe juu?"

"Lori zima la mabati ningelikumbuka," alisema yule. "Bati linapiga kelele ukilikanyaga. Mwezi huu sijapigiwa kelele na mtu ila mke wangu."

Basi lilibaki lori lililoyabeba mabati. Dereva wake aliitwa Breki, kwa sababu gari lake halikuwa nazo. Walimkuta kwenye maegesho, ameegemea bampa, anachokonoa meno.

"Mabati ya ghala la matairi uliyapeleka wapi?"

"Jalalani, mkuu. Mpaka shimoni. Tinga likayapitia, nimeona kwa macho yangu haya."

Inspekta alizunguka lori. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akaingiza pua kwenye kashata, yale meno ya tairi, akanusa. Koplo alitazama pembeni kwa heshima.

"Lori lako linanukia vizuri."

"Asante, mkuu."

"Sikusifii. Viatu vyangu vimekaa jalalani dakika chache tu, na Koplo amefungua madirisha yote manne. Wewe uliingia mpaka shimoni na mzigo mzito, lakini magurudumu hayana hata chembe ya tope jeusi."

"Niliosha."

"Ukaosha magurudumu ukaacha vumbi la mwaka jana kwenye milango?"

Kijiti kilisimama mdomoni. Breki alitazama lori lake kama mtu aliyesalitiwa na ndugu.

"Mkuu, nisikilize. Barabara ya jalala ilikuwa imekatika kwa mvua. Foleni mpaka barabara kuu. Nikajiuliza, mabati mazima vile yakalale chini ya taka, kwani yamekosa nini? Nikayapitisha kwa yule mama wa mabati chakavu."

"Mama yupi?"

"Yule mkali."

Inspekta alifumba macho. Akina mama wa mabati chakavu wako wengi. Mkali kiasi cha kutohitaji jina ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyemlea.

Walipoondoka, Koplo alitazama kioo cha nyuma. "Hukumnyang'anya simu."

"Sikumnyang'anya."

"Mkuu, yule atampigia Tajiri kabla hatujafika kona."

"Namtegemea," alisema Inspekta. "Kanyaga mafuta."

Karakana ya Shangazi ilisikika kabla ya kuonekana: nyundo, msumeno, bati likisuguliwa kwa brashi ya waya, na juu ya yote sauti ya Shangazi ikimwambia mtu kwamba mikono yake ni ya kushikia kijiko tu. Getini palining'inia kibao cha bati, TUNANUNUA MABATI CHAKAVU, kimeinama upande mmoja kwa waya mmoja mrefu. Inspekta alipopita kwa haraka, upepo ulikisukuma, kikampiga kisogoni. Hakugeuka. Alikuwa na mambo ya maana zaidi ya kuangalia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kama mtoto wa kaka au umekuja kama serikali?"

"Serikali."

"Basi serikali isimame. Kiti ni cha mtoto wa kaka." Shangazi alimkagua toka juu hadi chini, akaishia kwenye viatu. "Na serikali imetoka kuoga wapi?"

"Jalalani."

"Ningekukanya hapo tangu mdogo, lakini nilikukanya, hukusikia. Hapa kwangu hakiendi kitu jalalani ila jasho letu. Umepoteza nini?"

"Mabati ya kijani, yaliletwa na Breki."

Shangazi alipiga makofi mara moja, kwa masikitiko. "Yale? Mwanangu, yale tumeshayala."

Na alisema kweli. Kwenye karakana ile bati likiingia linang'olewa misumari, linanyooshwa kwa nyundo ya mpira, linasuguliwa kutu. Likipona, linarudi paani kwa mtu mwingine. Lisipopona, linakwenda kwa Fundi Mkasi, mzee mwembamba aliyekata bati kama wengine wanavyokata karatasi, naye analigeuza ndoo, mfereji wa maji ya mvua, karai, sinia ya kuanikia. Vipande visivyofaa hata kwa hayo vinabanwa marobota, vinayeyushwa. Paa la Tajiri lilikuwa bado halijauzwa hata kipande, limetawanyika uani kote. Yaliyopona yameegemezwa ukutani. Mengine yamekuwa mifereji. Mengine yamepangwa mlangoni, ndoo juu ya ndoo, upande wa kijani nje.

Koplo alitazama saa yake, akatazama ndoo, akakaa chini.

Lakini Inspekta alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu. Ile hali ilikuwa imemshika, hali ya mtu anayesikia maji chini ya ardhi.

"Hakuna kilichotupwa?"

"Unanitukana nyumbani kwangu?" aliuliza Shangazi.

"Basi paa lote liko hapa. Lirudisheni."

"Turudishe nini?"

"Paa. Chini, hapa uani. Picha hii hapa. Fuateni rangi nyeupe."

Wakalirudisha. Ilikuwa kazi ya wendawazimu, na kama kazi zote za namna hiyo, kila mtu aliipenda ghafla. Mabati mazima yalilazwa kwanza. Kisha mifereji ikapangwa sambamba, kisha ndoo zikalazwa ubavu, kila moja imegeuzwa mpaka alama nyeupe ikakutana na alama nyeupe ya jirani yake. Shangazi alikemea, akapanga, akapangua. Duara la tairi likaanza kuota pale chini, limevimba hapa kwa ndoo, limebonyea pale kwa karai, lakini duara.

"Koplo," alisema Inspekta akitambaa na miwani puani, "bati lina mgongo na bonde. Msumari wa paa unapigwa wapi?"

"Popote unapoingia?"

Uani pakazizima kwa kicheko. "Huyu asinijengee," alisema Fundi Mkasi.

"Mgongoni," alisema Inspekta. "Bondeni ndimo maji yanamopita. Ukitoboa bonde umejitengenezea bomba juu ya kitanda. Hilo nilifundishwa hapa hapa, na mwalimu hakuwa na chaki, alikuwa na kandambili."

"Na umefaulu," alisema Shangazi, bila majuto yoyote.

"Kwa hiyo tundu la mgongoni ni la fundi, liacheni. Nitafutieni tundu la bondeni. Huyo aliyelitoboa hakuwa fundi."

Walikagua ndoo kwa ndoo. Matundu yote yalikuwa mgongoni, yamejipanga mstari kama vifungo vya shati. Inspekta alifika mwisho wa duara, akarudi mwanzo. Hapo akaona kitu kingine. Tairi lilikuwa na pengo. Upande wa kulia, mahali pa kutosha sinia kubwa, nyeupe ilikatika ikaendelea mbele.

"Fundi. Hapa palikuwa na nini?"

Fundi Mkasi alikuna kidevu kwa ncha ya mkasi. "Hapo palikuwa na kipande kikorofi. Sasa ndiyo nakumbuka, kilikuwa na tundu bondeni. Paani hakirudi kile, ukiziba kinavuja tu. Ndoo ndiyo kabisa."

"Ulikifanya nini?"

"Nilikipa kazi. Hapa kila kitu nakipa kazi." Akatazama huku na huku, kama kipande kingeitika. "Lakini kazi gani…"

Koplo alishatoa kitambaa cha kufutia jasho. Shangazi alikuwa ameanza kuita watu wafungue robota la vyakavu. Ndipo upepo ulipopita getini, na kibao kikazunguka polepole kwenye waya wake, kikawapa mgongo.

Mgongo wake ulikuwa wa kijani, na kona hadi kona ulipitiwa na tao jeupe.

Fundi Mkasi alishusha mkasi.

"Nilikuta tundu lipo tayari," alisema. "Kwa nini nitoboe lingine?"

"Ndiyo maana kimepinda," alisema Shangazi. "Wiki nzima nakuuliza kwa nini kibao kimepinda, unaniambia kinawakonyeza wateja."

Inspekta alikuwa ameshavuta ngazi afikie waya ulipofungwa juu, kisha akasita na mguu hewani. "Koplo, panda wewe. Mimi ni mtoto wa nyumba hii, wakili wa Tajiri atanila mzima. Vaa glavu. Piga picha kabla hujagusa. Waya ukate mbali na tundu, usiuchomoe. Fundi, uligonga kingo zake?"

"Sikugonga. Nilipitisha waya tu, basi."

Kibao kililazwa juu ya meza, kwenye gunia safi, na vichwa vinne vikainama. Upande wa juu wa bati, ule uliotazama mbingu miaka yote, ulijitaja wenyewe: rangi ya kijani iliyopauka, kinyesi cha ndege, tao la tairi. Upande wa chini haukupakwa rangi. Ndio fundi alioandikia maandishi yake. Na tundu lilikuwa bondeni kabisa. Upande wa maandishi, kingo zake zilikuwa zimezama. Upande wa kijani zilikuwa zimechanuka kwa nje, zimechongoka, na kutu nyekundu imeshatulia kwenye nyufa zake.

Koplo alipitisha kalamu hewani, kutoka chini kwenda juu, akarudia. Uso wake ukafunguka kidogo kidogo.

"Mkuu. Ilitoka ndani."

"Ilitoka ndani ikaenda zake angani. Ndiyo maana sakafu ni nzima." Inspekta alikuwa anacheka kimya, mabega yakimtikisika. "Funga kwenye gunia, bandika lakiri, Fundi na Shangazi waweke saini. Halafu kaeni nyuma ya marobota, Shangazi apokee mgeni. Nasikia gari."

Gari lilikuwa la Tajiri wa Matairi. Aliingia akihema, bila tabasamu lake, akapita chini ya waya uliobaki unaning'inia mtupu.

"Mama, habari za kazi. Kuna mabati yangu ya kijani yaliletwa hapa kimakosa. Nayachukua yote. Vipande vyote."

"Yamekuwa ndoo, baba."

"Nachukua ndoo."

"Za nini zote hizo? Umeoa kisima?"

"Mama, nimesema nayachukua. Yalitakiwa kufukiwa. Ni kwa ajili ya mazingira."

"Mazingira ndiyo haya umeyakanyaga," alisema Shangazi, na Tajiri akatazama chini, akaona amesimama katikati ya duara jeupe la tairi lake mwenyewe, limepangwa kwa ndoo na mifereji.

Inspekta alitokea pembeni akijifuta mikono. "Afadhali umekuja, Tajiri, umeniokolea mafuta. Kuna jambo nataka uniweke sawa kabla ya mahakama. Wale wezi walikuwa juu ya paa?"

"Juu. Nimeshasema."

"Na risasi ilikuwa moja."

"Moja. Nilikuwa ofisini, nikaisikia, nikatoka nikaliona tundu."

"Hakuna aliyepiga kutoka chini, ndani ya ghala?"

"Nani angepiga? Mlinzi hana bunduki. Mwenye silaha pale ni mimi peke yangu, na nimekwambia nilikuwa ofisini."

"Wewe peke yako." Inspekta aligeuza kichwa. "Koplo, umesikia? Shangazi? Fundi?"

"Mimi nimesikia hata asichosema," alijibu Shangazi.

"Haya, Tajiri. Tazama juu."

Alitazama. Pale getini palikuwa na waya mtupu, na chini yake, Koplo amesimama na gunia lenye lakiri, ameliinua kwa mikono miwili. Inspekta alimweleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayemsomea mtoto: bonde, mgongo, upande wa kijani, kingo zilizochanuka kwa nje. Tajiri alisikiliza. Inspekta alipofika kwenye kingo, mkono wa Tajiri ulitambaa kwenye koti, mahali bastola ya leseni ilipokaa, na mkono wa Fundi Mkasi ukatambaa kwenye mkasi, na mkono wa Shangazi kwenye nyundo.

"Itoe kwa vidole viwili," alisema Inspekta, bila kupandisha sauti. "Weka ndani ya ndoo. Unazo nyingi."

Bastola iligonga chini ya ndoo. Lilikuwa bati lake mwenyewe, na lilipiga kelele kweli.

Walifika mahakamani, Tajiri akiwa chini ya ulinzi, watu wakirudi kutoka chakula. Koplo alipita katikati ya benchi akiwa na kiatu kimoja, amebeba gunia kifuani kama mtoto mchanga, na nyuma yake alifuata Shangazi, ambaye hakuna aliyemwita lakini hakuna aliyethubutu kumzuia. Mwendesha mashtaka alikata lakiri mbele ya hakimu. Bati likatoka, upande wa maandishi kwanza.

Hakimu alisoma kwa sauti, polepole. "Tunanunua mabati chakavu." Akashusha miwani. "Inspekta, huu ndio ushahidi?"

"Ndio, mheshimiwa. Naomba ligeuzwe."

Likageuzwa. Kijani kilichopauka kikatokea, na tao jeupe, na katikati ya bonde tundu dogo lenye kingo zilizochanuka kwa nje. Hakimu aliinama juu yake, akapitisha kalamu hewani kutoka chini kwenda juu, kama Koplo alivyofanya. Akarudia. Kisha akamtazama mlinzi.

Kizimbani, mlinzi alikuwa bado ameinua kidole. Alikishusha taratibu, akakitazama kama chombo cha kazi kilichomaliza kazi, akakifungia ndani ya kiganja. Kwenye benchi, mkewe alianza kukunjua zile nguo safi.